Siku Afande alipopasua matumba ya mpapai

Mpapai dume wa jirani umechanua tena. Jua likishazama, harufu yake tamu inavuka ua mpaka barazani, na nondo wanaifuata. Mwanangu kaniuliza mbona mti ule unachanua mwaka mzima lakini hauzai. Nimemjibu kwa kifupi tu, maana mawazo yalikuwa yameshakwenda Bombo, Uganda, shambani kwa Afande, mzee aliyenifundisha kuijua mipapai.

Ilikuwa Agosti, kabla ya mvua za pili. Mbegu zilipandwa kitaluni Februari, miche ikahamishiwa shambani Aprili, na sasa ilikuwa inatoa matumba ya kwanza. Kila shimo lilikuwa na miche mitatu. Wapita njia waliona ni ufujaji, lakini Afande alikuwa na hesabu yake. Kama ilivyo kwa mtende na bangi, mpapai hauonyeshi jinsia mpaka utoe maua, na hilo huchukua miezi mitano au sita. Wapo wanaoamini kwamba mbegu nyeusi ni jike na nyeupe ni dume. Mbegu nyeupe ni changa tu, haijakomaa. Wengine wanapigilia msumari shinani ili dume ligeuke. Wanachopata ni kidonda cha kuingizia uozo.

Afande alichuma matumba matatu, moja kwa kila mti wa shimo lile, akaniwekea kiganjani, kisha akachomoa wembe mfukoni.

La kwanza lilikuwa jembamba. Alilitoa kwenye kikonyo kirefu kinachoning'inia, chenye matumba mengi. Alilipasua kwa urefu: mrija, stameni kumi (viungo vya kiume vinavyotoa chavua) zimejipanga karibu na mdomo wake, na katikati kijiti kikavu kisichokuwa na maana. "Dume," akasema, akalitupa. La pili lilikuwa nene chini na limechongoka juu, lilikaa karibu kabisa na shina. Petali zake tano zilikuwa zimeachana mpaka chini, na ndani mlikuwa na ovari ya mviringo, ile sehemu ya kike inayogeuka tunda, bila stameni hata moja. "Jike." Utomvu mweupe ulikuwa umenichuruzikia mpaka kifundo cha mkono na umeanza kuwasha, lakini sikutaka kuusogeza mkono. La tatu lilikuwa refu, petali zimeshikana sehemu ya chini. Wembe ulipopita, ilionekana ovari nyembamba iliyorefuka, na stameni zimeizunguka.

"Huyu ndiye tunayemtafuta, binti yangu. Ana vyote viwili."

Huntha, yaani mti wenye maua ya jinsia zote mbili, hujichavusha mwenyewe, na papai lake ni refu, lina nyama nene na uwazi mdogo ndani. Jike huzaa papai la duara lenye uwazi mkubwa, na lazima lipate chavua kutoka nje. Wanunuzi waliotoka Kampala walitaka yale marefu. Basi kila shimo tuliacha huntha mmoja. Penye kukosa huntha tuliacha jike. Iliyobaki tuliikata kwa panga usawa wa ardhi. Kung'oa hakufai, mizizi ya miche mitatu imeshasukana na utaujeruhi ule unaobaki. Anayelima majike matupu huacha dume moja kwa kila majike kumi mpaka ishirini.

Lakini kazi yake hasa ilikuwa mbegu za msimu ujao. Alichagua huntha wenye afya, akatafuta tumba lililobakiza siku moja au mbili kufunguka, akalivika mfuko wa karatasi na kuufunga kwa uzi ili chavua ya nje isiingie. Mfuko wa plastiki hunasa joto na unyevu, ua linaoza. Petali zikishadondoka na kitunda kuonekana, mfuko hutolewa na kikonyo hufungwa kitambaa cha alama. Mbegu za tunda hilo hazitoi dume hata moja: kwa wastani, katika miche mitatu, miwili ni huntha na mmoja ni jike. Jinsia huamuliwa na kromosomu, nyuzi za urithi zilizo ndani ya seli: jike lina XX, dume XY, na huntha ana Y ya namna yake. Mbegu inayopata Y pande zote mbili hufa ingali kiini. Jike likichavushwa na dume, nusu ya miche inakuwa madume.

Njia hii aliitumia kwa Solo, aina iliyofika Hawaii kutoka Barbados mwaka 1911 na ambayo watoto hufanana na mzazi. Mbegu za tunda la chotara wa dukani, aliyetokana na kuchanganya aina mbili, hutoa miche isiyofanana na mzazi. Mbegu zetu za Solo tulizifikicha kwa mchanga kuondoa ute unaozuia kuota, tukazisuuza, tukazianika kivulini.

Kiangazi cha Januari kilipokaza, huntha mmoja ambaye tumba lake lilipasuliwa kwa wembe na kukubaliwa akaanza kutoa maua yasiyo na ovari, dume tupu. Joto na ukame hufanya hivyo. Baridi na unyevu mwingi nao huleta matunda yenye mikunjo. Vijana wa shamba walitaka kuukata. Afande akaagiza umwagiliwe na uwekewe samadi. Mvua za Machi ziliporudi, ovari zikarudi, ukazaa. Mbegu zake, hata hivyo, alikataa kuzitunza kwa msimu ujao, na nilipomuuliza kama mti unaoyumba hivyo huwarithisha watoto wake udhaifu huo, alisema tungezipanda kando tuone. Hatukuzipanda.