Siku moja na vitufe sita, hapa Ngamiani

Saa 12 na nusu asubuhi chai na mihogo, kisha baiskeli hadi ofisini kabla joto halijapanda. Tanga hii majirani wananiita fundi redio na kuniletea pasi zilizoungua. Kazi yangu ni kuandika programu za vifaa vyenye skrini ndogo na vitufe: mizani, pampu, na sasa kidhibiti cha tangi la kupozea maziwa. Skrini yake ina pikseli 320 kwa 240, kila moja baiti mbili. Picha moja kamili ni baiti 153,600, na chipu niliyopewa haina memori ya kuibeba.

Hadi saa 4 nilikuwa kwenye vitufe. Kitufe kikibonyezwa, vyuma vyake hurukaruka kwa milisekunde kadhaa kabla ya kutulia, na bonyezo moja husomeka kama mengi. Kwa hiyo programu hukichungulia kila milisekunde 10 na kukubali hali iliyojirudia tu. Tena kubonyeza ni ujumbe mmoja, kuachia ni mwingine. Usipovitenganisha, kishale cha kwenye menyu kinaruka hatua mbili.

Saa 4 na nusu, simu ya mteja.

"Fundi, hilo dirisha la tahadhari linanifunikia joto la maziwa. Lifanye lionyeshe kilicho nyuma yake, kama kwenye simu yangu."

Nikamweleza kwamba simu yake ina chipu maalumu ya michoro.

"Mwanangu, hiyo si rangi tu? Jioni unanipa."

Tulivutana weee. Kilichoniudhi ni hiyo "rangi tu", maana hoja yenyewe ni ya haki: maziwa yanatakiwa kushushwa hadi nyuzi 4, na anayeyapokea lazima aione namba hata tahadhari ikiwa imejitokeza.

"Sawa, mzee wangu," nikasema, nikaahirisha chakula cha mchana.

Dirisha linaloonyesha kilicho nyuma halina mgongo wake, yaani rangi ya kufunika kilichochorwa awali. Joto likitoka 4.2 kwenda 4.3, namba mpya inaandikwa juu ya ya zamani na hakuna anayesoma kitu. Ni lazima kilicho chini kichorwe upya kwanza, ndipo dirisha lije juu yake. Nikafanya hivyo, skrini ikaanza kupepesa. Dawa ni kuchorea kwanza kwenye memori, kipande kwa kipande, mistari 40 kila kipande, baiti 25,600, kisha ndipo kipande kipelekwe kwenye skrini kikiwa kimekamilika. Umeme ukakatika katikati ya kazi. Ukarudi. Jasho lilikuwa linadondokea kibodi.

Kupepesa kulipoisha ndipo nikaona jambo lililonitisha kweli. Kitufe hakijui jicho linatazama wapi. Ujumbe wake huenda kwa dirisha lenye fokasi, yaani lile lenye zamu ya kupokea vitufe, na fokasi ilikuwa imebaki kwenye menyu iliyo chini. Dada wa kituo cha kupokea maziwa, vidole vimelowa, wafugaji wamepanga foleni na madumu yao, anabonyeza kunyamazisha king'ora. Kumbe anabadilisha joto la tangi zima.

Nikalipa dirisha la tahadhari fokasi pale linapofunguka, na kuirudisha kwa mwenyewe linapofungwa. Haikutosha. Kitufe ambacho dirisha halikitumii hupandishwa kwa dirisha mzazi, yaani lile linalolimiliki, kwa hiyo lazima livimeze vyote sita. Na kama kidole kilikuwa tayari kimekandamiza tahadhari ikitokea? Lingoje kiachiwe, kibonyezwe upya. Hilo moja lilinila jioni yote. Adhana ya Isha ilinikuta bado najaribu, kidole kinauma.

Sasa linakaa sawa. Kesho kidhibiti kinapanda basi la Muheza, nami namwandikia mzee ankara. Saa hizi zote nitaziandika, kila moja na kazi yake, ajue alichokilipia.