Kuuza Fumbo Bila Kulifumbua: Uzoefu Wangu wa Kuendesha Maigizo ya Mauaji Mezani

Biashara yangu ni kuandaa maigizo ya upelelezi yanayochezwa hotelini wakati wageni wanakula chakula cha jioni. Katikati ya mlo mtu mmoja anakutwa ameuawa, waigizaji waliokuwa wameketi meza moja na wageni wanageuka kuwa watuhumiwa, na kabla ya kitindamlo kuletwa kila meza inatakiwa iandike nani ameua, ametumia nini na kwa sababu gani. Kuicheza kazi hii jijini Dar es Salaam kuna ugumu wake, lakini ugumu mkubwa zaidi ni kuitangaza, kwa kuwa bidhaa yenyewe ni siri: kadiri tangazo linavyoeleza mengi, ndivyo mnunuzi anavyobakiwa na machache ya kununua. Karibu kila uamuzi nilioufanya katika biashara hii, kuanzia uandishi wa igizo hadi namna ya kupanga sahani, umetokana na tatizo hilo moja.

Burudani ya aina hii nilikutana nayo nilipokuwa mwanafunzi Uingereza, ambako watu wamelelewa na mchezo wa mezani wa Cluedo, wa kumtafuta muuaji, unaouzwa nchini humo tangu mwaka 1949, na ambako jumba la kifahari la mashambani, mtumishi mwenye glavu nyeupe na tajiri aliyechomwa kisu maktabani ni mambo ambayo mgeni anayaelewa kabla hajaambiwa lolote. Kwa mgeni wa Mikocheni au Kinondoni, jumba hilo linahitaji maelezo ya nusu saa, na fumbo linalohitaji maelezo limekwisha kupoa. Nilihitaji mahali ambapo kila aliyeketi mezani angejua mara moja nani anamdai nani, nani anamwonea nani wivu, na fedha zinafungiwa wapi. Nikachagua kikoba, yaani kikundi cha watu wanaoweka akiba na kukopeshana.

Aliyewahi kuwa mwanachama wa VICOBA anajua kwamba sanduku la fedha huwa na makufuli matatu, na kwamba funguo hushikwa na wanachama watatu tofauti ili asiwepo anayeweza kulifungua peke yake. Mtunzi wa hadithi ya upelelezi hawezi kuomba zawadi bora kuliko hiyo. Katika igizo letu mhazini anakutwa amekufa usiku wa kuamkia siku ya kugawana fedha mwishoni mwa mzunguko, sanduku likiwa limefungwa vizuri na ndani yake hamna kitu. Watuhumiwa ni washika funguo watatu: mwenyekiti aliyejikopesha kupita kiwango ambacho hisa zake zinaruhusu, fundi cherehani aliyenyimwa mkopo wa ada ya mtoto, na shemeji wa marehemu ambaye hakuna anayekumbuka alipewa ufunguo lini. Sijawahi kumweleza mgeni yeyote kwa nini mtu angemuua mhazini wa kikoba. Mara nyingi ni wageni wanaonieleza mimi, tena kwa mifano ambayo nisingependa kuiandika hapa.

Kulikuwa na jambo moja tu la kwetu lililovuruga hesabu. Meza nyingi, zikishindwa kuunganisha ushahidi, zilikimbilia kuandika kwamba marehemu alilogwa, na jibu hilo lina ubaya wa kutoweza kukanushwa kwa vidokezo. Tangu hapo mpelelezi wetu anaanza kazi kwa kutangaza, kwa sauti ya kiserikali kabisa, kwamba uchunguzi wa awali umethibitisha kuwa hakuna uchawi uliotumika ndani ya ukumbi huu. Wageni hucheka, lakini wanaelewa masharti.

Siri ya igizo inavuja, na katika jiji ambalo kila ofisi ina kundi lake la WhatsApp haina njia ya kutovuja. Badala ya kuwabembeleza wageni wanyamaze, niliandika igizo lenye miisho mitatu. Mazungumzo ya awali, kifo na vidokezo vingi havibadiliki. Vinavyobadilika ni vikaratasi vichache vinavyowekwa chini ya sahani na jibu moja au mawili ya kila mtuhumiwa, na hivyo vinatosha kuhamisha hatia kutoka kwa mtu mmoja kwenda kwa mwingine. Waigizaji wenyewe hawajui muuaji wa usiku huo mpaka jioni ileile. Matokeo yake ni kwamba mtu aliyenong'onezwa na mwenzake kuwa muuaji ni fundi cherehani huingia ukumbini akiwa na uhakika, huishawishi meza yake yote, kisha hushindwa mbele ya watu. Hakuna tangazo nililowahi kulilipia lililoniletea wateja kama hasira ya watu wa namna hiyo, ambao hurudi na wenzao ili wajisafishe.

Waigizaji wangu wengi wamepitia Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo au Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na wengine wametoka kwenye vikundi vya vichekesho. Hawa wa mwisho wana ujuzi ambao nauthamini sana, kwa sababu wamezoea kupewa muhtasari wa tukio na kutunga maneno papo hapo. Simpi mwigizaji mswada wa kukariri isipokuwa kwa sehemu chache ambazo lazima zisemwe neno kwa neno. Ninampa maisha ya mhusika, saa kwa saa, pamoja na uwongo mmoja anaoruhusiwa kuusema na wengine wote wanaokatazwa. Mtuhumiwa asiye na hatia akidanganya kwa kujifurahisha, meza iliyomwamini inakuwa imeibiwa, na wageni wanaijua tofauti kati ya kushindwa na kuibiwa.

Mahojiano yetu huchukua muda mrefu kuliko yale niliyoyaona Uingereza, na sababu yake ni adabu. Mgeni hamrukii mtuhumiwa mwenye mvi na maswali. Husogea, huinama kidogo, na kusema, "Shikamoo mama mwenyekiti. Samahani, naomba nikuulize kidogo, jana usiku mama ulikuwa wapi?" Mwenyekiti naye huitikia, "Marahaba mwanangu. Nilikuwa msibani Mbagala, muulize shemeji, tulirudi wote." Awali niliona salamu hizo zinakula muda, kisha nikazitengea nafasi ndani ya igizo, kwa kuwa mtuhumiwa anayeheshimiwa namna hiyo anaweza kumkwepa mpelelezi kijana kwa kumuuliza tu habari za wazazi wake, na meza nzima ikafurahi kuona mwenzao akizungushwa.

Chakula ndicho kilichonifundisha mengi. Kwa taratibu za Ulaya, mlo huletwa mezani kwa awamu, na kila awamu ni mwisho wa sehemu moja ya mchezo. Wateja wetu wanapenda bufee. Aliyelipa kiingilio halafu akaletewa sahani iliyopimwa jikoni anajihisi amepunjwa hata kama imejaa. Bufee, hata hivyo, inawatawanya watu, inaleta foleni na kuua usikivu. Baada ya kubishana na mpishi mkuu wa hoteli moja, tuliafikiana kwamba supu na kitindamlo vitaletwa mezani na chakula kikuu kitabaki cha kujipakulia, nami nikaihamishia sehemu ya igizo kwenye foleni yenyewe. Watuhumiwa hupanga mstari pamoja na wageni, wakiwa na sahani mikononi, na ni hapo, kati ya pilau na kachumbari, ndipo shemeji wa marehemu husikika akimwomba mtu radhi kwa simu. Anayekimbilia kupakua anapata nyama nzuri. Anayekawia anapata ushahidi. Wahudumu nao hupewa maelezo mafupi kabla ya kila onyesho, maana mhudumu anayekusanya vyombo kwa kelele wakati wa ungamo anaweza kuharibu kazi ya jioni nzima bila kosa lake.

Katika kutangaza, vishawishi vilikuwa vingi. Rafiki mmoja anayefanya kazi ya usanifu wa matangazo alinishauri tusambaze tanzia yenye picha ya mwigizaji, kwa sababu hakuna Mtanzania anayepita tanzia bila kuisoma. Nilikataa. Picha ya namna hiyo ikishatumwa kwenye kundi la kwanza, maelezo yanayoambatana nayo hubaki nyuma, na kufikia kundi la kumi ni mtu halisi amefariki na mama yake anapigiwa simu za pole. Mbali na ukatili wake, Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 ina adhabu kwa anayechapisha taarifa za uwongo. Tulichotengeneza ni wito wa kikao cha dharura cha kikoba, wenye nembo ya kubuni, ajenda ya "yatokanayo na upungufu wa fedha" na saini ya mhazini ambaye bado yu hai. Kila aliyenunua tiketi hutumiwa wito huo siku chache kabla, pamoja na idadi ya hisa zake na siri moja ndogo anayoijua kuhusu mwanachama mwenzake. Watu huanza kuulizana siri zao ofisini, na asiye na tiketi hutaka kujua ni kikoba gani hicho.

Katika picha na video fupi tunazoweka Instagram hatuonyeshi mauaji wala ushahidi. Tunaonyesha nyuso za wageni: wanaobishana, anayesimama kutoa tuhuma, meza iliyogundua kwamba imekosea. Hilo linalinda siri, na pia linamwonyesha mnunuzi kitu anachokilipia hasa, ambacho ni kuwaona watu anaowafahamu wakifanya mambo wasiyoyafanya siku za kawaida.

Tiketi za mtu mmoja mmoja, hata hivyo, haziwezi kulisha kundi la waigizaji. Biashara imesimama kwa sababu ya makampuni na taasisi zinazotafuta shughuli ya wafanyakazi, na mlango wake ni ofisa rasilimali watu, ambaye hofu yake kubwa ni kuleta kitu kitakachomchosha mkurugenzi. Huyo hashawishiki kwa tangazo. Tunamwomba dakika kumi za chai ya asubuhi ofisini kwake, ambapo waigizaji wawili wanaingia kama wageni wa kawaida, wanagombana kuhusu hesabu za kikoba, na mmoja anaondoka na ufunguo. Kionjo hicho hakifichui chochote, lakini mchana wafanyakazi wenyewe wanakuwa wanamsumbua ofisa wao. Washereheshaji wa harusi nao wamenifaa kuliko nilivyotarajia. Ma-MC wa jiji hili wanajua kila kamati inayopanga kila sherehe, na anayetuletea kazi tunampa asilimia yake bila kuchelewa.

Kalenda inahitaji akili. Jumamosi ni ya harusi, send-off na kitchen party, na mtu aliyekwisha kutoa michango mitatu mwezi huo hana moyo wala fedha ya kununua tiketi yangu, kwa hiyo maonyesho ya wazi tunayaweka Ijumaa inayofuata mishahara. Desemba ni mavuno ya sherehe za kufunga mwaka. Mwezi wa Ramadhani tunafanya mazoezi na kuandika. Na kabla ya kutangaza tarehe yoyote ninaangalia ratiba ya ligi, kwa sababu siku ya Simba na Yanga hata mhazini akifa kweli hatapata wa kumchunguza.

Kuhusu fedha nitasema machache. Sehemu kubwa ya bei ya tiketi ni ya hoteli, na hoteli hudai idadi ya uhakika mapema na kuitoza hata kama wageni watapungua. Hivyo kampuni hulipa nusu wakati wa kuweka tarehe na iliyobaki kabla ya siku ya onyesho. Jina la biashara lililosajiliwa BRELA, wakala wa serikali wa usajili wa biashara, namba ya mlipakodi, risiti ya mashine ya kodi ya EFD na usajili wa BASATA, yaani Baraza la Sanaa la Taifa, si mapambo, kwani idara ya uhasibu ya kampuni kubwa haitaendelea na mazungumzo bila hivyo, na itakata asilimia 5 ya kodi ya zuio ambayo lazima iwe imehesabiwa kwenye bei tangu mwanzo. Waigizaji wanalipwa usiku uleule kwa simu. Mwigizaji anayedai hawezi kudanganya kwa furaha.

Kuna swali moja ambalo halikosi katika mazungumzo yetu na kila mwandalizi: je, kuna mfanyakazi aliyefiwa hivi karibuni? Likijibiwa ndiyo, mhazini wetu hafi. Anatoweka na sanduku, na igizo zima linageuka kuwa la wizi na utoro bila wageni kujua kuwa kulikuwa na toleo jingine. Toleo hilo lina mvuto wake, maana mtoro anaweza kupiga simu ukumbini, na siku hizi wapo waandalizi wanaoliomba hata pasipo msiba.

Kwa sasa tunaandika igizo la pili, kwa kuwa wateja wa zamani wamekwisha kuiona miisho yote mitatu. Linahusu kamati ya harusi iliyobakiwa na siku chache na akaunti tupu, na mtuhumiwa wa kwanza ni MC. Ma-MC kadhaa wanaotuletea kazi wamekwisha kuniomba nafasi hiyo, kila mmoja kwa sharti kwamba yeye asiwe muuaji.