Kipepeo wa mlimau na Maria Merian

Leo alfajiri kipepeo wangu ametoka! Nilimwokota kwenye mlimau wa uani akiwa kiwavi mdogo mweusi mwenye doa jeupe, ungedhani kinyesi cha ndege. Akala majani mpaka akageuka kijani. Ukimgusa, anachomoza nyuma ya kichwa pembe ya rangi ya chungwa yenye ncha mbili, nayo inanuka kwelikweli. Kisha akajifunga kwa uzi kwenye kijiti, kimya.

Aliyenitia hamu hii ni Maria Sibylla Merian, mchoraji na mchunguzi wa wadudu, mzaliwa wa Frankfurt, Ujerumani, 1647. Akiwa na miaka 13 tu alikuwa akifuga viwavi wa hariri na kuwachora, enzi ambazo wengi waliamini wadudu huzaliwa na tope na uozo. Mwaka 1699, na miaka yake 52, akapanda meli na binti yake Dorothea hadi Suriname, Amerika Kusini, kuchunguza wadudu wa huko. Ugonjwa ukamrudisha 1701. Kitabu chake kikatoka Amsterdam 1705, wadudu wamechorwa pamoja na mimea yao. Hapo ndipo ninapompendea: hakumtenga kiumbe na maisha yake.

Kipepeo wangu alitoka mabawa yamekunjamana, yamelowa. Nikakaa naye mpaka yakanyooka, meusi yenye madoa ya njano, akaruka kuelekea mlimau uleule.