Siku moja maishani mwangu: kibanda umiza, siku Urusi ilipoingia Ukraine

Watu wakisikia nina kibanda umiza, yaani kibanda cha kuonyesha mpira na muvi kwa kiingilio, wanadhani kazi yangu ni kukaa mlangoni kwenye kiti cha plastiki, kukusanya jero jero (shilingi mia tano kila kichwa) na kuangalia mpira bure. Mke wangu mwenyewe alidhani hivyo mpaka tulipooana. Basi ngoja niwape siku moja tu, Alhamisi tarehe 24 Februari 2022, hapa Mbagala.

Saa 12 asubuhi. Nimelala. Nimefunga saa 8 usiku kwa hiyo kwangu mimi hiyo ni katikati ya usiku kabisa, simu inaita, ni dogo anayenisaidia mlangoni. "Kaka, Putin kaingia." Kaingia wapi? Kwa ule usingizi nikajua kuna mtu kavunja kibanda anabeba tivii. Saa za Moscow na za Dar ni zilezile, yaani yule bwana anatangaza "operesheni maalumu" kwenye tivii yao muda uleule watu huku wanatoka msikitini na mama wa mihogo anawasha jiko. Nikamwambia dogo nashukuru kwa taarifa, nikalala.

Saa 4 nafagia, napanga mabenchi, nanunua luku ya umeme, nahakiki ving'amuzi havijaisha malipo. Kila siku ndo hivyo.

Saa 5 naandika ubao. Huu ubao ndo biashara yenyewe, ukikosea saa moja tu umekula hasara. Nikaandika kwa chaki: Olympiacos v Atalanta 2:45 usiku, Arsenal v Wolves 4:45 usiku, Napoli v Barcelona 5:00 usiku. Nikaingia ndani kunywa chai, natoka nakuta mhuni kaongeza chini, kwa mwandiko mzuri kuliko wangu: URUSI v UKRAINE, LIVE, JERO. Nilicheka, sitaki kudanganya. Halafu nikafuta, maana nilikuwa nimeshaona simuni picha za watu wa Kyiv wamelala kwenye vituo vya treni chini ya ardhi na watoto wao.

Saa 8 mchana muvi za kutafsiriwa. Niliweka ya vita bila kufikiria, ndo ilikuwa juu kwenye flashi. Watu wawili kwa nyakati tofauti wamechungulia mlangoni wakaniuliza kama hiyo ni live.

Jioni ndo wanakuja wazee wa kubishana. Washabiki wa Chelsea walikuwa na siku mbaya, kila anayepita anawauliza tajiri wenu Abramovich, Mrusi, leo yuko upande gani, na Jumapili wana fainali ya Kombe la Carabao na Liverpool. Mzee mmoja aliyepigana vita ya Kagera akakaa kwenye benchi la nje akaanza kuelezea vifaru vinavyozama kwenye matope, na hapo sikumkatisha mtu, hata mimi nilisikiliza.

Lakini kilichonishangaza ni kingine. Tivii inataja miji, Kharkiv, Mariupol, Odesa, Donetsk, na vijana wangu wa pale, hawa mnaowaita wavuta bangi wa kibanda umiza, wanaijua yote! Donetsk? Hiyo Shakhtar, ila hawajacheza kwao tangu 2014, wanahamahama. Odesa? Chornomorets. Kharkiv? Metalist. Hakuna aliyewahi kuiona ramani ya Ukraine, wamejifunza kwenye mkeka, yaani orodha ya mechi wanazobetia. Mtangazaji mmoja wa redio alikuwa anang'ata ulimi kwenye hayo majina na dogo mmoja hapa aliyeishia darasa la saba anamrekebisha.

Na ndo tunafika kwa jamaa wa mkeka. Huyu jamaa anakuja na jero moja anataka tivii mbili, rimoti, na kiti cha mbele. Siku hiyo mkeka wake ulikuwa na Atalanta, Barcelona, Arsenal, magoli matatu au zaidi Rangers na Dortmund, na ya mwisho mechi ya ligi ya Ukraine, maana ligi yao ilikuwa irudi Ijumaa baada ya mapumziko ya baridi. Mchana ule wameshaisimamisha. Kwa hiyo kuanzia saa 12 jioni huyu mtu ananifuata, "Bosi, wakisimamisha wanaihesabu odi ya moja au wanachana mkeka mzima?" Mimi kampuni ya kubeti? Nenda kasome masharti. "Kwani vita haiwezi kuisha kesho mchana?" Mungu wangu.

Atalanta akashinda 3-0 kule Ugiriki, mbili za Malinovskyi, Mukraine. Ya kwanza alipofunga hakushangilia, akapandisha jezi, ndani kuna fulana imeandikwa. Mama wa mihogo alikuwa kaja kudai sahani zake, akauliza imeandikwa nini, dogo akamsomea: hapana vita Ukraine. Mama akasema "mtoto wa watu, mama yake yuko wapi saa hizi?" Jamaa wa mkeka akasema moja imeshatiki.

Saa 4:45 kibanda kimejaa mpaka dirishani. Arsenal tivii kubwa, Barca tivii ndogo. Kule Napoli timu zote mbili zimetoka na bango la kusimamisha vita. Dakika ya 10 Wolves wamefunga, Hwang, zawadi ya Gabriel beki wa Arsenal. Barca wanapiga mbili chapchap. Na saa 5 na dakika 20, paap, giza.

Naomba mnielewe hapa. Watu sitini gizani, joto la Februari, wote wanapiga miluzi, nusu wanadai jero yao na jamaa wa mkeka anadai ya tivii mbili. Jenereta lipo, petroli hamna kwa sababu juzi dogo kaitumia hajasema. Nakimbia kituoni na kidumu, mhudumu anasema kidumu haruhusiwi kujaza, nambembeleza, anaangalia pembeni. Ikabidi nimkamate bodaboda tufyonze kwenye tenki lake kwa mpira, lita mbili, na anataka elfu tatu kwa lita! Kituoni siku hiyo ilikuwa chini ya hapo kabisa. "Kaka, vita hiyo, mafuta yanapanda." Nikamtukana kimoyomoyo, lakini ni kweli siku ileile pipa la mafuta ghafi ya Brent lilivuka dola 100, mara ya kwanza tangu 2014, na mwezi wa 5 hata kituoni Dar lita ikawa imepita 3,000. Bodaboda alitangulia tu.

Nimerudi petroli inanuka mdomoni, nimevuta kamba sijui mara ngapi, picha zikarudi saa 6 imeshapita. Hapo sasa sikumbuki tena saa vizuri. Nakumbuka Aubameyang anafunga kwenye tivii ndogo, kawaacha Arsenal mwezi haujaisha, na Arsenal kwenye tivii kubwa bado wanafungwa, washabiki wake wa zamani hawajui waangalie wapi. Kisha Pépé wa Arsenal akasawazisha. Kisha dakika za nyongeza Lacazette kapiga, ikamgonga kipa ikaingia, benchi langu la mbele likavunjika mguu na sijui nimdai nani.

Wametoka wote. Nafagia maganda ya karanga, mihogo, chupa. Nimehesabu, nimetoa petroli, benchi na luku, kilichobaki sitakitaja. Jamaa wa mkeka bado amesimama mlangoni, nne zote zimetiki, anaangalia simu, ile ya Ukraine imeandikwa imeahirishwa.

"Bosi, imeahirishwa mpaka lini?"

Nikamwambia kaka kalale. Nikafuta ubao, nikaandika ya Ijumaa kabisa nisihangaike asubuhi: Southampton v Norwich, saa 5 usiku, jero. Norwich! Nani atakuja kuangalia Norwich.