Ndago za Mwakirunge: matone, upepo na mchicha wa jirani

Ndago, magugu yale, bado ziko shambani kwangu Mwakirunge, Mombasa, na dawa bado iko ndani ya chupa. Mpaka wa kusini una mchicha wa jirani, na glaifoseti, dawa yangu ya magugu, haichagui mmea. Kwa hiyo kwanza napiga maji yaliyotiwa rangi nyekundu ya chakula, karatasi nyeupe zikiwa zimebanwa kwenye vijiti hadi mpakani.

Nozeli (ncha ya bomba la kunyunyizia) ya koni, ambayo wengi huipigia dawa ya wadudu, ilichafua hata karatasi za mwisho: vidoa kama ncha ya sindano. Nozeli bapa ya magugu, kwa presha ndogo, iliacha madoa makubwa kwenye karatasi za karibu tu. Hesabu yenyewe haina mzunguko. Tone la maikroni 400 (maikroni ni sehemu ya elfu ya milimita) huanguka mita 3 kwenye hewa tulivu kwa sekunde 2 hivi. La maikroni 100, kama sekunde 10. La maikroni 20 huelea dakika karibu 4! Na ukipampu kwa pupa presha inapanda, matone yanazidi kuwa madogo.

Mzee jirani alikuja alfajiri kutazama. "Mwanangu, si upige sasa, upepo umelala?"

Ushauri huo tumeusikia sote, nami siukubali. Usiku ardhi hupoa, hewa baridi ikalala chini na ya joto ikakaa juu yake, zisichanganyike. Nikamwonyesha moshi wa jiko lake: haukupanda, ulitanda usawa wa paa la makuti, ukajiendea pole pole kuelekea kwenye mchicha wake. Matone madogo yangeufuata.

"Ala! Basi ngoja jua."

Ndiyo saa ninayoitaka: jua limeshapasha ardhi, moshi unapanda, upepo ni mwepesi na unajulikana unakokwenda, kabla ule wa bahari haujashika nguvu mchana. Ila kaskazi, upepo wa kutoka kaskazini, huvumia kwa mzee, na ukavu wake hupunguza tone likiwa bado hewani. Nasubiri kusi, la kutoka kusini, litakalosukuma kila kitu kwenye minazi yangu, kisha nitafute siku isiyo na mvua.

Matone makubwa nayo yana hasara, huteleza kwenye jani la ndago, jembamba na la kung'aa. Kwa glaifoseti navumilia, kwa sababu husafiri ndani ya mmea hadi kwenye viazi vyake. Dawa inayounguza pale inapogusa tu ingetaka ienee vizuri juu ya jani.

Sasa nakata jerikeni kuukuu niifanye kikinga cha nozeli. Kikikamilika, maji mekundu tena, karatasi zile zile.