Kabla hujamlipa fundi wa mchwa, hesabu lita

Mtu anakuja saiti na bomba la mgongoni la lita 16 na chupa ya nusu lita isiyo na lebo. Anapuliza juu ya kifusi dakika ishirini, anaandika risiti yenye maneno "garantii miaka 10", anaondoka, na kesho yake jamvi, yaani zege la sakafu, linamwagwa. Baada ya miaka mitatu fremu ya mlango inabonyea kwa kidole, na watu wanasema mchwa wa eneo lile ni sugu. Mara nyingi usugu haupo kabisa: udongo haukuwahi kupata dawa ya kutosha, na mwenye nyumba angeweza kulijua hilo siku ile ile kwa kalamu na karatasi.

Dawa inayowekwa chini ya jamvi huloweka udongo ili pawe na tabaka lisilo na upenyo kati ya ardhi na nyumba. Kiwango kinachofuatwa sehemu nyingi ni kama lita 5 za dawa iliyokwisha kuchanganywa na maji kwa kila mita moja ya mraba. Kwa udongo unaogusa ukuta wa msingi, ni lita 5 kwa kila mita ya urefu, kwa kila sentimita 30 za kina. Chukua nyumba ya mita 10 kwa 12. Sakafu ina mita za mraba 120, yaani lita 600. Mzingo wa nje ni mita 44, yaani lita 220 kwa sentimita 30 za kwanza tu. Msingi ukiwa umeshuka sentimita 90, zidisha mara tatu. Zile lita 600 za sakafu peke yake ni kulijaza bomba la mgongoni mara 38. Kampuni iliyojiandaa huja na pipa kubwa au simtanki, pampu ya injini na mpira mrefu, na mapema kabisa itakuuliza maji yatapatikana wapi.

Sasa hesabu na dawa yenyewe kabla haijachanganywa. Tuseme ni fipronili yenye gramu 25 kwa lita, na lebo inataka mchanganyiko wa asilimia 0.06. Hizo ni gramu 0.6 kwa lita moja ya maji, sawa na mililita 24 za dawa. Kwa lita 600 unahitaji lita 14 na kidogo. Ile chupa ya nusu lita inatosha lita 21 tu za maji, eneo la mita nne za mraba, ambalo halifiki hata ukubwa wa choo na bafu. Dawa nyingine zina makali tofauti na vipimo tofauti, kwa hiyo fuata lebo ya hiyo itakayotumika kwako, lakini njia ya kuhesabu ni hiyo hiyo. Mwambie anayekuja akuandikie namba tatu: mita za mraba, lita za mchanganyiko, na lita za dawa ghafi. Asiyeweza kuziandika, usimpe kazi. Hapo ndipo pa kulinganishia bei pia: kampuni ghali inayomwaga lita 800 inaweza kuwa rahisi kuliko ya bei nusu inayomwaga 60.

Kuhusu dawa, jambo la kuuliza ni kiini chake, yaani kile kinachoua, kwa sababu majina ya biashara hubadilika kila duka. Bifenthrini na jamaa zake humfukuza mchwa: anaihisi na kuikwepa, hivyo palipobaki upenyo wa sentimita chache ndipo atakapopita. Fipronili na imidaklopridi, mchwa hawezi kuzihisi. Anapita ndani yake, anaambukiza wenzake kwa kugusana na kulishana, na anakufa baadaye. Kwa nyumba iliyokwisha kujengwa, ambako huwezi kuufikia udongo wote, mimi ningechagua kundi hili la pili. Sipamethrini ya dukani kwa pembejeo, ile ya kupulizia mazao na kuogeshea ng'ombe, haidumu ardhini kiasi cha kulinda nyumba kwa miaka, na ndiyo inayojaa kwenye chupa zisizo na lebo. Klopirifosi imetumika sana kwa mchwa, lakini mwaka 2025 nchi wanachama wa Mkataba wa Stockholm, ule wa kimataifa wa kemikali sumu zinazodumu muda mrefu, ziliiingiza kwenye orodha ya kemikali za kuondolewa, pamoja na misamaha michache, kwa hiyo sioni sababu ya kuianzia nyumba mpya. Aldrini, dieldrini na klodeni ziliingia kwenye orodha hiyo tangu mkataba ulipopitishwa mwaka 2001. Mtu akikunong'oneza kwamba anayo "ile ya zamani, kali", mfungie mlango.

Na ukali haupimwi kwa harufu. Fipronili na imidaklopridi karibu hazinuki. Wapo mafundi wanaochanganya mafuta ya taa ili mteja asikie kwamba dawa imepigwa, na wapo wateja wanaolalamika nyumba isiponuka. Chumvi inayomwagwa kwenye msingi nayo ni hasara tupu, maana huozesha nondo. Oili chafu hubaki juu ya ngozi ya mbao.

Usimamizi wakati wa ujenzi ni jambo la saa moja, lakini saa hiyo ni ya kuwepo mwenyewe. Kopo lifunguliwe mbele yako, likiwa na lakiri, namba ya usajili na tarehe ya mwisho. Kifusi kiwe kimeshindiliwa na kusawazishwa, mabomba ya maji na maji taka yamekwisha kulazwa, vipande vya mbao za kufungia zege, visiki na mifuko ya saruji vimeondolewa. Vyote hivyo ukiviacha chini ni chakula cha mchwa. Mchanga wa Dar es Salaam hunywa haraka. Udongo mweusi wa mfinyanzi hunywa taratibu, dawa huteleza na kukusanyika shimoni, hivyo utifuliwe kidogo juu kabla ya kumwagia. Udongo uliolowa mvua haupokei. Pale mabomba yanapotoboa jamvi, chooni na jikoni, pamwagiwe kwa makusudi, kwani ndiyo milango mikuu ya mchwa. Dawa ikishaingia, nailoni itandazwe na zege limwagwe upesi, siku hiyo au kesho yake. Kosa ninaloliona kubwa kuliko yote hufanyika hapa: fundi ujenzi anakuta pamepungua, analeta toroli kumi za mchanga mpya na kuutandaza juu ya udongo wenye dawa. Tabaka limezikwa, na mchwa wanaoingia kutoka pembeni wana barabara safi.

Nyumba inayokaliwa ni kazi tofauti, na hapo ukaguzi ndio unaoipambanua kampuni. Anayekupa bei kwa simu bila kuona nyumba anakisia. Mkaguzi mzuri huja na tochi, bisibisi, nyundo ndogo, ngazi, na ikiwezekana kipima unyevu, na nyumba ya vyumba vitatu haimtoki chini ya saa moja. Hugonga fremu kuanzia chini, hasa zilizozamishwa sakafuni. Huhamisha nguo kwenye kabati za ukutani aone mgongo wake. Hupanda darini kuangalia mbao zinazolalia ukuta na miguu ya kenchi. Huangalia jipsamu pia, kwa sababu mchwa hula karatasi yake na kuacha unga mweupe. Nje huzunguka msingi wote akitafuta vifereji vya udongo (njia zilizofunikwa ambazo mchwa hujenga ukutani), nyufa, kuni zilizoegemezwa ukutani na kibaraza kilichoongezwa baadaye bila dawa.

Akikuta kifereji, avunje kipande cha sentimita tatu hivi katikati na kukiacha. Kikizibwa ndani ya siku mbili tatu, mchwa wapo kazini. Kifereji kikavu kisichozibwa kinaweza kuwa cha zamani, na kampuni inayokutoza kazi kamili kwa kifereji kimoja kikavu inakuuzia hofu. Kwa hiyo wewe mwenyewe usipulizie dawa ya mbu wala mafuta ya taa kabla mkaguzi hajafika. Utawahamisha tu, naye ataikuta nyumba imenyamaza.

Aweze pia kukwambia ni nani anayekula. Ukanda wa pwani una mchwa wa mbao kavu ambao hawaijui ardhi: huishi ndani ya kiti au fremu yenyewe na kudondosha chembe ngumu ndogo kama mbegu, zenye pande sita ukiziangalia kwa lenzi. Unga laini kama wa ngano unaotoka kwenye vitundu vya duara ni wa mende wadogo watoboao mbao. Kuloweka udongo hakuwagusi hao wawili, dawa yao huingizwa ndani ya mbao. Na rundo la mabawa ya kumbikumbi dirishani, mvua za kwanza, lisikutishe moja kwa moja: wengi hufuata taa kutoka nje. Wakitoka kwenye ufa wa sakafu au nyuma ya skating, ule ukingo wa chini ya ukuta, hapo nyumba ina jambo.

Matibabu ya nyumba hiyo huenda hivi. Nje huchimbwa mfereji wa upana na kina cha sentimita 15 kando ya ukuta, unamwagiwa, na udongo unaorudishwa nao unamwagiwa. Palipo na zege au marumaru hutobolewa matundu ya milimita 12 karibu na ukuta, yakiachana sentimita 30, hadi yapite jamvi na kufika udongoni. Kila tundu lipokee kama lita moja na nusu. Mita 44 ni matundu 147 hivi, na ndani kuna kuta za kati pia. Fundi anayetoboa kila baada ya mita moja amekuachia mlango mpana kati ya kila matundu mawili. Marumaru hutobolewa kwenye mistari ya maungio ili isipasuke, na matundu huzibwa kwa saruji.

Kuna dalili mbili za kuzitazama wakati wa kusukuma dawa. Ikirudi juu papo hapo, udongo umebana au drili haijavuka zege. Tundu likimeza bila kushiba, huenda kifusi kimetitia na kuacha uwazi chini ya jamvi, au dawa inakimbilia kwenye bomba la maji taka. Kazi isimame hapo ichunguzwe. Kabla ya tundu la kwanza wakuulize mabomba na nyaya zimepita wapi, na kisima kiko wapi. Imidaklopridi huyeyuka na kutembea na maji, fipronili na bifenthrini huua samaki kwa kiasi kidogo sana. Ambaye hajauliza habari ya kisima wala tangi la chini, usimruhusu kuanza.

Kichuguu cha uani ni sehemu tu ya kazi. Malkia yuko chini katikati, na kumwaga ndoo moja juu hulowesha matundu ya hewa tu. Hutobolewa kwa mtarimbo hadi chumbani mwake na kumiminwa makumi ya lita. Ila mchwa hutembea makumi ya mita kutafuta chakula, kwa hiyo kichuguu cha jirani bado kipo. Na mahali watu wanapovuna kumbikumbi, tamko liwe wazi kwa familia na majirani: kichuguu kilichotiwa dawa hakivunwi tena, na kuku wasidonoe hapo.

Karatasi huja mwisho, lakini ziangalie kwa macho yako. Tanzania, viuatilifu na wanaovitumia kibiashara wako chini ya TPHPA, mamlaka iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2020 na kurithi kazi za iliyokuwa TPRI, taasisi ya utafiti wa viuatilifu. Kenya ni PCPB, bodi ya kudhibiti viuatilifu. Omba cheti kilicho hai chenye jina lile lile lililo kwenye ankara, kisha namba ya usajili ya dawa iliyo kwenye kopo. Jina la kampuni Tanzania unalitafuta BRELA, wakala wa usajili wa biashara, na hapo utaona ilisajiliwa lini. Garantii ya miaka 10 kutoka kampuni ya miezi minane haina wa kuidai.

Garantii yenyewe isome neno kwa neno. Nyingi huahidi kurudia dawa tu, mbao zilizoliwa ni zako. Iandikwe wanarudi ndani ya siku ngapi, ukaguzi wa kila mwaka unalipiwa na nani, inahamia kwa atakayenunua nyumba au inakufa, na nini kinaivunja. Kuchimba mfereji mpya kando ya msingi huivunja, na kwa haki. Vivyo hivyo kurundika udongo wa bustani ukutani hadi juu ya kimo cha jamvi: mchwa hupanda kupitia huo udongo mpya bila kuigusa dawa.

Baki na asilimia 20 au 30 ya malipo hadi ziara ya pili. Kwa dawa zisizomfukuza mchwa, kuwaona wachache kwa wiki kadhaa ni kawaida. Ziara ya pili iwekwe kama siku 30 hadi 60 baada ya kazi. Siku hiyo mkaguzi apite kwenye vifereji vile vile alivyovunja mwanzo, akiwa na picha alizopiga siku ya kwanza, mlipane mbele ya fremu iliyokuwa inaliwa.