Fundi cherehani sina hati ya mshahara, lakini fidia ya ajali nimelipwa

Kilichonikera kuliko maumivu yenyewe ni ushauri. Mguu uko kwenye hogo, usingizi sipati, na kila anayekuja kunijulia hali ananiambia, "Dada, chukua chochote yaishe. Bima hawalipi watu kama sisi." Wanalipa. Mimi nimelipwa, na ndiyo maana naandika.

Nashona Mbagala. Daladala ilinigonga pembeni mwa Barabara ya Kilwa ikitanua kukwepa foleni, ikanivunja muundi wa mguu wa kulia. PF3, ile fomu ya polisi ya kutibiwa majeruhi, ilichukuliwa siku ile ile na ndugu zangu, na abiria mmoja, Mungu ambariki, alishapiga picha namba ya gari kabla halijasogezwa.

Mwenye gari alikuja wodini na laki tatu kwenye bahasha, pamoja na karatasi iliyokwisha kuchapwa: nimepokea, nimeridhika, sitadai tena. Kaka yangu mkubwa alishaanza kutafuta kalamu. Nikamwambia yule bwana, "Kaka, hela napokea na nashukuru, ila karatasi hiyo siisaini." Mdogo wangu akachana ukurasa, tukaandika yetu: amenipa laki tatu za dawa na nauli, na hizi si fidia. Akasaini yeye, nikasaini mimi, mama wa kitanda cha pili akawa shahidi. Karatasi ile ilikuja kunifaa sana, maana baadaye alidai kwamba tulishamalizana.

Jioni hiyo hiyo mdogo wangu akaingiza namba ya gari kwenye mfumo wa TIRA, mamlaka inayosimamia bima nchini, kwa simu. Bima ilikuwa hai na jina la kampuni likaonekana. Sheria ya Bima ya Magari, Sura ya 169, inamlazimisha mwenye chombo kuwa na bima ya mtu wa tatu, na huyo mtu wa tatu ndiye mimi niliyegongwa. Ada ilishalipwa kwa ajili ya siku kama ile. Sikuwa naomba hisani ya mtu.

Kishoka naye akajitokeza, anajua kila ofisi, anataka nusu ya kitakachopatikana. Nilimkatalia. Ripoti ya polisi, ramani ya ajali na nakala ya hukumu ya dereva ni vitu ambavyo mwenye haki anapewa kwa kufuata utaratibu. Hukumu ndiyo iliyochelewa, ingawa dereva alikiri kosa na kupigwa faini mapema. Ilinibidi niende mahakamani na magongo mpaka karani akanizoea.

Ripoti ya daktari isomeni vizuri kabla hamjatoka nayo hospitali. Yangu ya kwanza ilisema mfupa umeunga na mgonjwa anaendelea vizuri, na kampuni ikaishikilia hapo hapo: umepona, unadai nini? Nikarudi. "Daktari, kazi yangu ni ya kukanyaga cherehani, na kifundo hakikunji." Alinipima upya, akanikanyagisha ubao pale pale chumbani kwake, akaandika asilimia ya ulemavu wa kudumu. Bila asilimia hiyo, unaweza kurudishiwa hela za risiti zako za dawa tu na habari ikaishia hapo.

Sasa nije kwenye daftari, ninalojivunia mpaka leo. Kijana wa kitengo cha madai aliniambia kwa upole kabisa, "Mama, huna hati ya mshahara, kwa hiyo kipato ulichopoteza hatuwezi kukikokotoa." Nilirudi nyumbani nimekasirika. Usiku nikakumbuka kauntabuku yangu ya oda. Kila mteja ana mistari yake: jina, kifua, kiuno, nyonga, urefu, bei, advansi, baki, siku ya kuchukua nguo. Kurasa za kabla ya ajali zimejaa mpaka pembeni. Baada ya tarehe ile, nyeupe. Kisha nikaomba taarifa ya miamala kwenye kampuni ya simu, nikakaa na mwanangu tukipaka rangi ya kijani kila advansi iliyoingia kwa simu, na jina la mteja aliyeituma tukalipaka kijani kwenye daftari. Nyekundu tukawapakia niliowarudishia hela nikiwa kitandani, wakiwemo kundi zima la sare za sendoff. Nikaongeza risiti za kodi ya fremu na barua ya mtendaji wa mtaa inayothibitisha kwamba pale ndipo ninaposhonea.

Yule kijana akafungua daftari, akauliza, "Hizi 38, 32, 44 ni za nini?" Nikamjibu, "Kifua, kiuno, nyonga, mwanangu. Pembeni ndiyo hela." Akaanza kulinganisha mstari kwa mstari na karatasi ya simu. Akaenda kumwita mkubwa wake. Hakuna aliyeniuliza tena habari za mshahara.

Hata hivyo ofa ya kwanza ilikuwa ndogo, na ilikuja na hati ya kusaini kwamba hayo ni malipo kamili na ya mwisho. Ukiisaini, umefunga mlango. Nilirudisha barua nikieleza kipengele kwa kipengele walichokiacha, nakala nikaipeleka kwa Msuluhishi wa Migogoro ya Bima, ambako mlalamikaji hatozwi ada. Kabla shauri halijasikilizwa nikapigiwa simu. Tukakubaliana kiasi kinachozidi mara mbili ya ofa ile. Kwenye nauli, nakala na mihuri nilitumia kama laki moja na kitu.

Ukomo wa kufungua kesi ya madai ya namna hii mahakamani ni miaka 3, kwa hiyo msizungushwe na "njoo wiki ijayo" mpaka muda ukaisha.

Nililipa madeni, nikanunua cherehani ya mota ambayo hainihitaji kukanyaga kwa nguvu. Jirani yangu aligongwa na bodaboda mwezi uliopita, na wanamwambia yale yale: chukua chochote yaishe. Bodaboda nayo inabanwa na sheria hiyo hiyo. Namba yake tumeshaiangalia, bima iko hai, na PF3 anayo mkononi.